Ufunguo wa Programu za Muziki na Jina Lake

Mtu anayerekodi nyimbo za Kisukuma mjini Maswa, katika Mkoa wa Simiyu, hutumia kompyuta na programu ya muziki. Ziko programu ambazo, hata zikiisha kununuliwa, hazianzi kazi mpaka kichomekwe kidude kadiri ya kidole gumba. Watengenezaji hukiita dongoli. Wengine hukiita flashi, nalo ni kosa, kwa maana flashi ni ghala tu ya mafaili wala haiulizwi neno. Dongoli huulizwa. Programu huipelekea tarakimu isiyotabirika. Chipu iliyomo huikokotoa kwa siri yake, ikarudisha jibu. Jibu likikosekana, programu hukataa. Siri yenyewe haitoki nje. Kwa hiyo aliyenakili programu amepata nyumba asipate ufunguo.

Kulifupisha neno hilo liwe "dongo" hakufai: dongo ni la udongo, na kumrushia mtu dongo ni kumsema kwa mafumbo. "Kufuli" nalo halilingani, kwani kufuli limo ndani ya programu. Ufunguo ndilo jina lililo karibu zaidi.

Lakini hapana budi kutenga ufunguo na leseni. Leseni ni haki ya kutumia. Ufunguo ni chombo kinachoibeba. Katika utaratibu wa eLicenser, uliotumiwa na kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, ufunguo uliovunjika uliweza kurudishwa na leseni ikahamishiwa mwingine. Uliopotea ulikwenda na leseni yake, kama fedha taslimu iliyoanguka njiani. Ufunguo wa iLok, wa kampuni ya PACE ya Marekani, una kinga ya malipo ya kila mwaka ambayo humfaa hata aliyeibiwa. Asiyelipa huwaomba watengenezaji wa programu mmoja mmoja.

Steinberg ilitoa Cubase kwa kompyuta za Atari mwaka 1989, na kwa miaka mingi ilishika njia hii ya funguo. Cubase 12, ya mwaka 2022, ilikuja bila ufunguo, na Mei 2025 huduma ya eLicenser ikafungwa. Funguo za zamani bado hufungua programu za zamani, ila leseni iliyomo haiwezi tena kuhamishwa.

Hapo ndipo penye hasara kwa wenye kukusanya fasihi simulizi. Tuseme fundi wa Maswa alirekodi ngoma za Wagika na Wagalu, vyama viwili vishindanavyo tangu zamani, akahifadhi faili la kazi peke yake. Ufunguo ukifa na manju akiwa amekwisha fariki, sauti ziko ndani ya kompyuta, lakini mpangilio wake hausomeki. Iwapo kila sauti ilitolewa mapema kuwa faili la WAV, programu yoyote huisoma. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi asiibiwe wimbo. Haimkingi na kufa kwa kidude.

Katika utaratibu mpya wa Steinberg leseni hukaa katika akaunti, nayo huruhusu kompyuta tatu. Intaneti huhitajiwa wakati wa kuiwasha, si kila siku. Hapo hata jina "ufunguo" halikai vizuri, kwani mwenye programu hashiki kitu mkononi. Hutambuliwa kwa jina lake na nywila.