Baba Anakoroma: Munganga wa Meno Anaweza Kusaidia

Katika nyumba nyingi za miji yetu ya machimbo, kukoroma ni jambo la kuchekesha. Watoto wanamwiga baba yao, jirani anasema amemusikia nyuma ya ukuta, na mama anahamia polepole katika chumba cha watoto, bila kusema neno. Wengine wanasema ni alama ya mutu aliyetumika sana na kushiba vizuri. Sivyo. Mutu anakoroma kwa sababu njia ya pumzi yake imekuwa nyembamba.

Tunapolala, misuli yote inalegea, hata ile ya kinywa na koo. Mutu akilala chali, ulimi unaanguka nyuma, nyama laini ya juu ya koo inashuka, na pumzi inapita kwa shida. Ile nyama inatikisika, na kelele inatoka. Unene wa shingo, tumbako, pua iliyoziba, dawa za kulalisha na pombe ya mangaribi (lutuku usiseme!) vinazidisha.

Sasa, munganga wa meno anaingia wapi? Ulimi umeshikwa kwenye taya la chini. Taya likienda mbele, ulimi unalifuata na njia inafunguka. Jaribu sasa hivi: fanya kelele ya kukoroma, kisha sukuma taya la chini mbele na ujaribu tena. Utaona ni nguvu zaidi kuitoa. Pierre Robin, munganga wa kinywa wa Ufaransa, aliandika katika mwaka 1923 juu ya watoto wenye taya ndogo ambao ulimi wao unaanguka nyuma na kuwazuia kupumua. Naye alitumia kifaa cha kuleta taya mbele.

Kifaa cha watu wazima kinafuata wazo lile lile. Munganga anachukua umbo la meno ya juu na ya chini, na kinatengenezwa kwa kipimo cha kinywa chako wewe, si cha mwingine. Unakivaa usiku tu. Munganga anasogeza taya mbele kidogo kidogo, milimita kwa milimita, kwa muda wa majuma, mpaka kelele ipungue. Siku za kwanza mate yanakuwa mengi na taya linauma asubuhi. Kisha miaka, meno yanaweza kusogea kidogo, kwa hiyo ni lazima kurudi kuonwa. Mutu asiye na meno ya kutosha, ao mwenye meno yanayotikisika, hawezi kukivaa vizuri.

Lakini kuna jambo linalopita kelele, na hapa mama ndiye shahidi. Je, baba anakoroma, kisha ananyamaza kabisa kama mutu aliyezibwa, halafu anashituka na kuvuta pumzi kwa nguvu? Ule unyamavu ndio wa kuogopa. Wanganga wanauita apnea ya usingizi: pumzi inakatika sekunde 10 ao zaidi, mara nyingi kila saa. Asubuhi kichwa kinauma, damu inapanda, na muchana usingizi unamushika hata akiwa kazini. Fikirini mutu wa namna hiyo akiendesha kamio kubwa ya mugodi, ao akirudi na motokari kisha zamu ya usiku! Ninyi vijana munaocheka, hesabuni kwanza sekunde za unyamavu, mukamwambie mama.

Kwa sababu hii munganga wa meno hapaswi kutoa kifaa peke yake. Anaweza kuwa wa kwanza kuona alama: meno yaliyosagika, taya ndogo, koo nyembamba. Kisha anamutuma mugonjwa kwa munganga mwingine ili usingizi wake upimwe. Katika mwaka 2015 wanganga wa usingizi na wa meno wa Marekani walishauri pamoja kwamba kazi hii ifanywe na pande zote mbili. Apnea ikiwa kali, dawa ya kwanza ni mashini ya kupuliza hewa puani, ambayo Colin Sullivan wa Australia aliieleza katika mwaka 1981. Anayeshindwa kulala na mashini anaweza kupewa kifaa.

Kwetu wanganga wa meno ni wachache, na watu wanawaendea tu siku ya kungoa jino. Hata hivi, ukienda, uliza. Wakati unangoja, lala kwa ubavu, na acha pombe ya usiku. Mutoto anayekoroma kila usiku, mumupeleke kwa munganga amuangalie koo na pua. Mara nyingi ni mafindofindo, na kifaa cha wakubwa si chake.

Na yule atakayepata kifaa, akioshe kila asubuhi kwa mswaki na maji baridi. Maji ya moto yanakipinda, na hakitaingia tena kinywani.