Kifafa: Mafunzo Kutoka Mahenge

Mwanafunzi ameketi darasani akisikiliza somo. Ghafula anatoa ukelele na kuanguka. Viungo vyake vinakakamaa, kisha vinatikisika kwa nguvu, na povu linamtoka kinywani. Wenzake wanakimbilia nje. Hakuna anayethubutu kumgusa. Baada ya dakika mbili au tatu mtikisiko unakoma, naye anashikwa na usingizi mzito.

Hatari kubwa kwa mgonjwa wa namna hii mara nyingi ni kuachwa peke yake. Wako watu wenye kifafa walioungua vibaya kwa kuangukia mekoni, na wengine waliozama majini, huku waliokuwa karibu wakiogopa kuwaokoa. Woga huo una chanzo chake. Mahali pamoja ambapo chanzo hicho kimechunguzwa kwa miaka mingi ni Mahenge, katika Wilaya ya Ulanga, Mkoa wa Morogoro.

Umeme katika ubongo

Ubongo wa binadamu una chembe za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86. Chembe hizo hupelekeana habari kwa njia ya kemikali na mikondo midogo sana ya umeme. Kwa kawaida kila kundi la chembe hufanya kazi kwa wakati wake. Kifafa hutokea pale ambapo chembe nyingi hutoa umeme kwa pamoja na kwa kupita kiasi. Iwapo jambo hilo litatokea katika sehemu inayoongoza mkono, mkono ndio utakaotikisika. Iwapo litaenea katika ubongo mzima, mtu hupoteza fahamu na kuanguka. Iko pia aina ambayo mtoto hukodoa macho kwa sekunde chache tu, asisikie hata akiitwa. Mwalimu asiyeijua huweza kumwadhibu kwa kudhani hasikilizi somo.

Kiasi cha miaka 2,400 iliyopita, maandishi ya Kigiriki yanayohusishwa na mganga Hippocrates yalikwisha kueleza kwamba ugonjwa huu hautoki kwa miungu, bali hutoka katika ubongo. Uthibitisho ulichelewa sana. Mwaka 1929 daktari wa Kijerumani, Hans Berger, alitangaza kwamba umeme wa ubongo wa binadamu unaweza kupimwa kwa vyuma vidogo vilivyowekwa juu ya kichwa. Chombo chake ndicho asili ya mashine zinazotumika hospitalini hadi leo kuchunguza kifafa.

Daktari wa Mahenge

Karibu na mwaka 1960 daktari mwanamke kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alifika Mahenge na kukuta wagonjwa wengi wa kifafa miongoni mwa Wapogoro. Wengi walitengwa: walikula peke yao na kulala peke yao, kwani iliaminika kwamba ugonjwa huambukizwa kwa mate ya aliyeanguka. Mwaka 1960 alianzisha kliniki ya kifafa. Dawa iliyotumika hasa ilikuwa fenobabitali, ambayo ilijulikana tangu mwaka 1912 kuwa huzuia kifafa, na ambayo bei yake ni ndogo. Wagonjwa waliomeza dawa kila siku walianza kupata nafuu. Daktari huyo aliona pia watoto ambao vichwa vyao viliinama tena na tena, mfano wa mtu anayesinzia. Miaka mingi baadaye dalili hiyo ilipata kujulikana sana ilipoonekana kwa watoto wa Sudani Kusini na wa kaskazini ya Uganda.

Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1992 ulihusu watu zaidi ya 18,000 katika vijiji 11 vya Ulanga. Ulionyesha kwamba watu wapatao 10 katika kila 1,000 walikuwa na kifafa. Uchunguzi mwingine, uliofanywa Mahenge mwaka 2017 na 2018, ulikuta kiasi cha watu 35 katika kila 1,000 kwenye vijiji vya mbali, na kiasi cha 15 katika kila 1,000 kwenye vijiji vilivyo karibu na mji. Tofauti hiyo ililazimu kuuliza: vijijini kuna nini?

Mto, inzi na minyoo

Milima ya Mahenge ina mito iendayo kasi. Katika maji hayo huzaliana inzi wadogo weusi, ambao kwa kuuma huambukiza minyoo ya ugonjwa wa usubi, ule unaowasha ngozi na kupofusha macho. Nchini Kameruni wataalamu walitafuta habari za watoto waliopimwa minyoo hiyo kati ya mwaka 1991 na 1993. Miaka zaidi ya 20 baadaye ilionekana kwamba kadiri mtoto alivyokuwa na vijidudu vingi vya minyoo hiyo mwilini, ndivyo uwezekano wa kupata kifafa ulivyokuwa mkubwa. Namna hasa minyoo hiyo inavyoudhuru ubongo ingali inachunguzwa.

Hapa ndipo mafunzo ya Mahenge yalipo. Wazee walioona kifafa kikijitokeza mara mbili au tatu katika nyumba moja hawakukosea katika kuona. Walikosea katika kueleza. Ndugu wa nyumba moja huchota maji katika mto mmoja na huumwa na inzi wale wale. Hawapeani ugonjwa kwa mate.

Ugonjwa wenye chanzo cha namna hiyo unaweza kukingwa. Dawa ya ivamektini huua vijidudu vya minyoo ya usubi, na tangu mwaka 2019 ilianza kutolewa Mahenge mara mbili kwa mwaka badala ya mara moja. Vyanzo vingine vya kifafa ni malaria kali ya utotoni, kuumia kichwa, matatizo wakati wa kuzaliwa, na mayai ya minyoo tegu ya nguruwe yanayoingia mwilini kwa uchafu.

Wajibu wa shule

Mwanafunzi akianguka, asiachwe. Aondolewe karibu na moto, maji na vitu vigumu. Awekewe nguo laini chini ya kichwa, na alazwe ubavu ili mate yatoke. Asishikwe kwa nguvu, wala asitiwe kijiko au kitu chochote kinywani. Mtikisiko ukizidi dakika 5, apelekwe hospitali upesi. Dawa isikatizwe ghafula, hata mgonjwa akijiona amepona, bila shauri la daktari.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yafaayo. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumwondoa mtoto shuleni kwa ajili ya kifafa. Wenzake wakijua la kufanya atakapoanguka, ataamka na kurudi katika dawati lake.