Mpiganaji Asiye na Pumzi

Jioni katika mtaa wa Nyamirambo, mjini Kigali, ambako Kiswahili kimezungumzwa kwa vizazi kadhaa, si ajabu mtoto kurejea nyumbani amenuna, faranga zake zimekwisha katika chumba cha michezo ya televisheni. Mama akimwuliza kulikoni, hujibiwa: “Nilikuwa nampiga, mama, lakini mashine inaiba.” Wazazi wengi huyachukua maneno hayo kuwa kisingizio cha aliyeshindwa. Yafaa wamsikilize, kwani mara nyingi hasemi uongo.

Katika michezo ya kupigana, wapiganaji wawili husimama wakitazamana ndani ya kioo. Pasipokuwa na mwenzi wa kucheza naye, adui huongozwa na kompyuta. Adui huyo hana macho. Hatazami bega wala mguu wa mwenzake. Lakini kila kitufe anachobonyeza mtoto hupita kwanza ndani ya mashine ileile inayomwongoza adui, hivyo programu yaweza kupata habari za ngumi kabla mkono haujanyanyuka. Picha katika michezo hii kwa kawaida hubadilika mara 60 kila sekunde. Binadamu aliye macho huhitaji kama robo ya sekunde kuona na kujibu; hapo picha 15 hivi zimekwisha kupita. Kompyuta yaweza kujibu katika picha inayofuata. Askari wataelewa upesi: ni vita ambamo amri zako zote za redio husomwa kwanza mezani pa adui.

Mfano mashuhuri ni Street Fighter II, uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 1991. Humo yumo Guile, askari wa jeshi la anga la Marekani. Mtu anayemchezesha Guile lazima ashikilie nyuma kwa muda kabla ya kurusha pigo lake la mbali. Guile wa kompyuta hakubanwa na sharti hilo: aliweza kusonga mbele na kulirusha papo hapo. Tena ndani ya sanduku la mchezo mlikuwa na swichi ndogo, ambazo mwenye mashine alizipanga kuchagua ngazi moja kati ya nane za ugumu. Mtoto hakuziona. Yeye alijua tu kwamba sarafu imeliwa na sasa anadaiwa nyingine. Biashara ni biashara, lakini bondia anayelipwa kwa kila mtoto anayemwangusha si mwalimu wa kuaminika.

Mbona basi watoto hushinda? Kwa sababu watengenezaji humpumbaza adui kwa makusudi. Mashine inayokinga kila pigo haingepata mteja. Programu hupiga kura: pigo hili likingwe, hili liachwe lipite. Katika ngazi rahisi mengi huachwa. Katika ngazi ngumu, machache. Isitoshe, mienendo mingi ya adui wa michezo ile ya zamani ni maagizo yaliyoandikwa tangu kiwandani. Mtoto mwerevu hugundua kwamba akirusha moto kutoka umbali fulani adui huruka, naye humngojea chini kwa ngumi. Kesho atanaswa vilevile. Ni kama mlinzi anayezunguka ghala kwa saa zilezile kila usiku. Mwizi hahitaji nguvu, ahitaji subira tu.

Hapo ndipo penye hasara. Mtoto huondoka akijiona bingwa, kumbe ameisoma mashine moja tu. Akikutana na dada yake, mtego hufaulu mara ya kwanza, pengine na ya pili. Ya tatu dada haruki tena. Kwa hiyo nyumbani, mashine itumike kwa kuzoesha vidole, ngazi ya ugumu ikianzia chini, kisha pawekwe kidude cha pili na mtu wa kukishika.

Siku hizi yako mambo mapya. Tekken 8, uliotoka Januari 2024, unamwezesha mchezaji kufundisha kivuli chake: programu hutazama anavyopigana, kisha humwiga, na kivuli hicho chaweza kupigana na wengine mwenyewe akiwa hayupo. Askari wa Rwanda wametumikia kikosi cha Umoja wa Mataifa huko Bangui tangu mwaka 2014, mbali na watoto wao. Baba wa namna hiyo angeweza kuacha kivuli chake Kigali. Mwanawe angemtambua mara moja, si kwa jina, bali kwa lile teke la chini ambalo baba hulirudiarudia hata linapomponza. Lakini ikifika saa tatu usiku, kivuli hakitamwambia azime televisheni akalale. Hilo bado ni la mama.