Moto wa jukwaani: Ukiona vyaelea, vimeundwa

Taa zote zinazimika ghafla. Maelfu ya vijana wanapiga mayowe gizani. Kisha kishindo kama cha bomu kinatikisa uwanja, ndimi za moto zinaruka juu kupita vichwa vya wanamuziki, na magitaa yanaanza kunguruma kana kwamba dunia imefika kikomo.

Mzazi anayepita sebuleni na kumkuta mwanawe akitazama tamasha kama hilo huenda akadhani hao ni watu waliorukwa na akili. Nyuso zimepakwa rangi, damu inamtoka mmoja mdomoni, na mwingine anaimba huku mgongo wake ukiwaka moto!

Hata hivyo, nyuma ya fujo hiyo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Maonyesho ya muziki wa hevi metali ni miongoni mwa kazi za jukwaani zinazodai nidhamu na hesabu kali mno. Kila cheche ina sekunde yake, na kila mwanamuziki ameonyeshwa mahali pa kukanyaga. Pale hesabu hizo zilipopuuzwa, watu wamechomeka, na wengine wamekufa.

Je, mambo haya yalianzaje, na hufanywa vipi?

CHIMBUKO

Muziki huu ulichipuka Uingereza, hasa katika mji wa viwanda wa Birmingham, ambako kikundi cha Black Sabbath kilianzia. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1970. Sauti ilikuwa nzito na nyimbo zilihusu vita, mauti na mashetani. Haikuchukua muda kabla ya wanamuziki kutambua kwamba nyimbo za aina hiyo haziwezi kuimbwa na watu waliosimama wima kama wanakwaya. Zilihitaji mchezo wa kuigiza.

Huko Marekani, mwimbaji Alice Cooper alipanda jukwaani na nyoka hai shingoni, na mwishoni mwa onyesho "akakatwa" kichwa kwa mashine kama ile iliyotumika Ufaransa wakati wa mapinduzi. Kichwa kilichoanguka kilikuwa cha bandia, lakini mayowe ya watazamaji yalikuwa ya kweli.

Kikundi cha Kiss kilianza mjini New York mwaka wa 1973. Wanamuziki wake walijipaka rangi usoni na kuvaa viatu vyenye soli nene ajabu. Mpiga besi, Gene Simmons, alijifunza kutema moto kwa kujaza mafuta ya taa mdomoni na kuyapuliza juu ya mwenge. Usiku wa Desemba 31, 1973, moto huo ulimrudia na kushika nywele zake. Alizimwa upesi, na mchezo huo hakuuacha hadi kikundi kilipowaaga mashabiki mnamo Desemba 2023.

Waingereza nao hawakukubali kuachwa nyuma. Iron Maiden walipozunguka dunia kuanzia Agosti 1984 hadi Julai 1985, jukwaa lao lilijengwa kama hekalu la Misri ya kale. Nyuma ya mpiga ngoma liliinuka dubwana lao maarufu, Eddie, likiwa limezongwa vitambaa kama maiti ya Farao na kutoa cheche machoni.

Lakini kabla ya kujenga ni lazima upime. Mwaka wa 1983, Black Sabbath waliagiza mfano wa Stonehenge, yale mawe makubwa ya kale yaliyoko kusini mwa Uingereza. Wanamuziki wenyewe wamesimulia kwamba vipimo vilivyokusudiwa kuwa vya futi vilichukuliwa kuwa vya mita. Mawe yakatoka makubwa zaidi ya mara tatu, na kumbi nyingi hazikuweza kuyameza! Hiyo ilikuwa hasara ya kuchekesha. Makosa mengine ya vipimo hayachekeshi.

MAFUNDI WA GIZANI

Tuanze na moshi. Ule unaotanda ukumbini kwa kawaida si wa kitu kinachoungua. Ni mchanganyiko wa maji na kemikali iitwayo glaikoli, unaopashwa moto ndani ya mashine hadi utoke kama ukungu.

Kazi yake kubwa ni kuifanya nuru ionekane. Mwali wa taa ukipita katika hewa safi, macho hayauoni. Aliyekulia kijijini anakumbuka jinsi jua linavyopenya kwenye tundu la paa la jikoni na kusimama kama fimbo kwa sababu ya moshi wa kuni. Mafundi wa jukwaa hutumia kanuni iyo hiyo kwa taa zao za rangi na za leza.

Ukungu mzito unaotambaa sakafuni kama mto ni kitu kingine. Huo hutokana na barafu kavu, yaani gesi ya kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sufuri. Ikitumbukizwa katika maji moto, hutoa wingu baridi lililo zito kuliko hewa, ndiyo maana halipandi juu. Gesi hiyo ikijaa katika chumba kisichopitisha hewa, inaweza kumkosesha mtu pumzi.

Fataki za jukwaani ni unga wa baruti uliochanganywa na metali mbalimbali. Titani hutoa cheche nyeupe, strontiamu hutoa rangi nyekundu na bariamu hutoa kijani. Unga huo hupakiwa katika mirija iliyofungwa imara jukwaani, na kila mrija huunganishwa kwa waya hadi kwenye kisanduku chenye swichi na ufunguo.

Nazo zile ndimi ndefu za moto mara nyingi hutokana na gesi ya propani, jamaa wa karibu wa gesi tunayopikia nyumbani. Husukumwa kwa nguvu kupitia mdomo wa chuma na kuwashwa kwa cheche ya umeme. Fundi akifunga vali, moto unakufa.

Anayeshika swichi hizo hana nafasi ya kuburudika na wimbo. Macho yake yako kwa mwanamuziki. Sakafuni pamebandikwa utepe unaoonyesha mahali ambapo kila mmoja anapaswa kuwa wimbo unapofikia ubeti fulani. Mwimbaji asipokuwa mahali pake, fundi hufyatua hewa, yaani haifyatui fataki hiyo kabisa. Afadhali wimbo upite bila kishindo kuliko mtu achomeke.

HATUA MOJA TU

Ukweli huo ulidhihirika mjini Montreal, Kanada, mnamo Agosti 8, 1992. Kikundi cha Metallica kilikuwa kikitumbuiza katika uwanja wa Olimpiki, kabla ya wenzao wa Guns N' Roses kupanda jukwaani.

Usiku huo mafundi walikuwa wameongeza mitambo mipya ya moto. Mwimbaji na mpiga gitaa James Hetfield alielewa kwamba mipya imechukua nafasi ya ile ya zamani. Kumbe ya zamani ilikuwa bado ipo! Alipiga hatua kukwepa moto mmoja, akajikuta juu ya mwingine wakati ulipolipuka.

Aliungua vibaya, hasa mkono wa kushoto, na Metallica wakakatiza onyesho. Guns N' Roses walichelewa kupanda jukwaani, kisha wakaondoka mapema, na hasira za mashabiki zikageuka kuwa ghasia. Wiki chache baadaye Hetfield alirudi kuimba mkono ukiwa umefungwa bendeji, huku mwingine akimpigia gitaa.

Hapo hapakukosekana mtaalamu wala kifaa. Lililokosekana ni neno moja la kuelewana.

Ajabu ni kwamba kati ya mwaka wa 1996 na 1997 kikundi hicho hicho kiligeuza ajali kuwa maigizo. Mwishoni mwa onyesho vyuma vya taa vilianza kuporomoka, cheche zikaruka, na mtu aliyekuwa akiwaka moto akakimbia jukwaani. Watazamaji wengi walishikwa na hofu, kumbe mtu huyo alikuwa mwigizaji aliyevalia nguo za kujikinga.

Mkasa wa Tommy Lee wa Mötley Crüe, kwa upande wake, haukuwa mchezo. Usiku wa Desemba 31, 2015, mjini Los Angeles, ngoma zake zilikuwa zikisafiri kwenye reli juu ya vichwa vya watu. Mtambo ukakwama, naye akabaki ananing'inia kichwa chini miguu juu hadi alipokwamuliwa.

WANAFUNZI WA MOTO

Linapotajwa suala la moto jukwaani, hakuna anayewafikia Rammstein, kikundi kilichoanzishwa mjini Berlin, Ujerumani, mwaka wa 1994. Mwimbaji wake, Till Lindemann, huvaa mabawa makubwa ya chuma yanayotoa moto. Katika wimbo mwingine humlipulia moto mpiga kinanda aliyetiwa ndani ya sufuria kubwa kama nyama ya mchuzi.

Hata hao walifunzwa na ulimwengu. Mnamo Septemba 27, 1996, mapambo yaliyokuwa yakiwaka yaliporomoka katika onyesho lao la Berlin. Tangu hapo walianza kutumia wataalamu wa moto, na Lindemann mwenyewe akasomea kazi hiyo hadi akapata leseni. Yule anayeonekana mwendawazimu jukwaani ana cheti cha kazi anayoifanya!

DAKIKA CHACHE ZA MAUTI

Msiba mkubwa haukutokea katika uwanja wa maelfu ya watu. Ulitokea katika klabu ndogo iliyoitwa The Station, mjini West Warwick, jimbo la Rhode Island, Marekani, usiku wa Februari 20, 2003.

Kikundi cha Great White, kilichovuma katika miaka ya 1980, kilianza wimbo wake wa kwanza kwa fataki za kutoa cheche kwa sekunde 15 hivi. Nje uwanjani, fataki hizo zingekuwa pambo tu. Lakini dari ya klabu hiyo ilikuwa fupi, na kuta zilizozunguka jukwaa zilikuwa zimebandikwa sponji ili sauti isiwasumbue majirani. Sponji hiyo, ndugu ya ile ya magodoro yetu, ilishika moto papo hapo.

Kwa sekunde kadhaa watu waliendelea kushangilia, baadhi yao wakidhani huo ni moto wa mchezo. Walipong'amua, moshi mweusi wenye sumu ulikuwa tayari umeshuka. Wengi walikimbilia mlango ule ule walioingilia ingawa milango mingine ilikuwepo, wakaangukiana na kukwama pale pale. Dakika 6 hazikuisha kabla ya moto kulimeza jengo.

Watu 100 walipoteza maisha, akiwemo mpiga gitaa wa kikundi hicho. Zaidi ya 200 walijeruhiwa. Ilibainika kwamba fataki hizo hazikuwa na kibali, na ukumbi haukuwa na mabomba ya darini yanayomwaga maji moto unapozuka. Meneja wa ziara ya kikundi alikiri makosa 100 ya kuua bila kukusudia, akafungwa.

Mtu angedhani dunia ingejifunza. La hasha! Mnamo Oktoba 30, 2015, vijana walijaa bila kiingilio katika klabu ya Colectiv, mjini Bucharest, Romania, kusherehekea albamu mpya ya kikundi cha metali cha Goodbye to Gravity. Klabu hiyo ilikuwa ndani ya kiwanda cha zamani. Cheche za fataki zikashika sponji tena. Watu wakagombea njia ya kutokea tena.

Waliokufa usiku huo na katika miezi iliyofuata walikuwa 64. Kati ya wanamuziki watano wa kikundi hicho, alibaki mmoja. Wananchi waliandamana kwa hasira, na Waziri Mkuu Victor Ponta akajiuzulu siku chache baadaye.

SISI JE?

Muziki huu si mgeni kabisa kwetu. Nairobi imewahi kutoa vikundi kama Last Year's Tragedy na Duma, ambacho albamu yake ya mwaka wa 2020 ilitolewa na kampuni ya Kampala. Isitoshe, moshi, leza na fataki si mali ya hevi metali pekee. Huonekana pia katika matamasha ya injili, harusi na sherehe za mwaka mpya.

Wala Mkenya hahitaji kwenda Romania ili kujua thamani ya mlango. Usiku mmoja wa Machi 2001, wanafunzi 67 wa shule ya upili ya Kyanguli, wilayani Machakos, waliteketea katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yalikuwa na vyuma.

Kwa hiyo mwanao akiomba ruhusa ya kwenda kwenye tamasha, usimalize maneno kwa kuuliza ni muziki gani. Mwuulize ni ukumbi gani.

Mfunze kwamba akiingia tu, ahesabu milango na akumbuke mmoja ulio tofauti na ule alioingilia. Aangalie kama milango hiyo inafunguka au imetiwa kufuli. Akiona fataki zikiwashwa chini ya dari fupi, au karibu na mapazia na sponji, asione haya kutoka. Akiona moto umeshika ukuta, asingoje kuambiwa kama ni mchezo au si mchezo. Moshi ukishuka, ainame, kwa maana hewa safi hubaki karibu na sakafu.

Nanyi vijana mnaotamani kuandaa maonyesho shuleni au mtaani, anzeni na taa na mashine ya ukungu. Moto waachieni waliousomea, na kibali kiombwe kabla ya tiketi kuuzwa. Wazee hawakukosea waliponena: tahadhari kabla ya hatari.