Utata wa Mpangilio katika Hesabu na katika Kutaja Idadi: Mfano wa Pande Mbili za Chala

Ziwa Chala limo katika kasoko ya volkano, mashariki ya Mlima Kilimanjaro, na mpaka wa Kenya na Tanzania unapita ndani yake. Upande mmoja ni Taveta, katika Kaunti ya Taita Taveta. Upande wa pili ni Wilaya ya Rombo. Mtoto wa Taveta hufundishwa hesabu kwa Kiingereza kuanzia mwaka wa nne wa shule ya msingi, naye hukaririshwa kifupisho BODMAS. Mwenzake wa Rombo husoma kwa Kiswahili, ambacho tangu 1967 ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma za Tanzania, isipokuwa chache. Yeye hukaririshwa MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mpangilio huo wa matendo ni suala la sarufi, na kwamba Kiswahili kina mpangilio wake katika kutaja idadi, ambao pengine hupingana na ule wa darasani.

Na itazamwe kwanza hesabu ifuatayo:

(1) 2 + 3 × 4

Jibu laweza kuwa 20 au 14, kwa kutegemea tendo litakalotangulia. Utata huu ni wa kimuundo, sawa na ule wa kirai "wazee na watoto wagonjwa", ambamo haijulikani kama wagonjwa ni watoto peke yao au ni wote. Lugha huuachia muktadha uamue. Hesabu haina muktadha. Kwa hiyo wanahisabati wamekubaliana kwamba kuzidisha kutangulie, na jibu ni 14. Yafaa ieleweke kwamba hayo ni makubaliano ya waandishi, wala si tabia ya namba zenyewe.

Makubaliano hayo yana jambo ambalo vifupisho havilionyeshi:

(2) 12 − 4 + 3

Kujumlisha na kutoa ni matendo ya daraja moja, nayo hutendwa kutoka kushoto kwenda kulia. Jibu ni 11. Lakini mwanafunzi anayefuata MAGAZIJUTO au BODMAS herufi kwa herufi atatanguliza kujumlisha, apate 5. Vivyo hivyo kwa kugawanya na kuzidisha. Kifupisho cha Marekani, PEMDAS, hutanguliza kuzidisha. Anayekishika kama kilivyo ataona 24 ÷ 4 × 2 kuwa ni 3, hali jibu ni 12. Chanzo cha kosa ni kwamba herufi lazima zifuatane, na mfuatano hauwezi kuonyesha usawa.

Hata watu wazima hawajasalimika. Mwaka 2019 hesabu 8 ÷ 2(2 + 2) ilizusha mabishano katika nchi nyingi, wengine wakishikilia 16 na wengine 1. Wa kwanza walikwenda kushoto kulia; wa pili waliona kwamba namba iliyogandamana na mabano imefungamana nayo zaidi, kama ilivyo desturi ya wengi katika aljebra. Kiwango cha kimataifa ISO 80000 kinaagiza kwamba mstari mshazari wa kugawanya usifuatwe na alama ya kuzidisha au ya kugawanya katika mstari huo huo pasipo mabano. Dawa, basi, ni kuandika kwa uwazi.

Kiswahili nacho kina mabano yasiyoandikwa:

(3) elfu mbili na tano
(4) elfu ishirini na tano
(5) elfu mia mbili na tano

Katika mifano hii, neno linalofuata "elfu" huizidisha, na "na" hujumlisha. Mfano (3) hauna utata: ni 2,005, kwa kuwa "mbili na tano" si jina la idadi. Lakini "ishirini na tano" ni jina la idadi. Kwa hiyo (4) yaweza kuwa 25,000 au 20,005, na wasikilizaji wengi huchukua 25,000. Hapo kujumlisha kumetangulia kuzidisha, kinyume cha MAGAZIJUTO. Mfano (5) ni 205,000 au 200,005. Kanuni ni hii: utata huzuka pale tu ambapo maneno yote yanayofuata "elfu" yanaweza kusimama peke yake kama idadi moja.

Sokoni Taveta, ambako wauzaji na wanunuzi wa pande mbili za mpaka hukutana, bidhaa iliyo mbele ya macho huondoa shaka. Hati ya deni haina msaada huo. Iwapo (5) imeandikwa kwa maneno tu, mdai na mdaiwa wanaweza kutofautiana kwa shilingi 4,995, na kila mmoja akawa na sarufi upande wake. Lugha yenyewe inatoa njia: "laki mbili na elfu tano" ni 205,000 bila shaka; na "mia mbili na tano elfu" pia, kwa kuwa Kiswahili hutanguliza kiasi kikubwa, na 5,200 haitajwi kwa kuanza na mia.

Kwa upande wa darasa, walimu hawahitaji kifupisho kipya. Yatosha kukitamka kile cha Rombo kwa mapande matatu, MA, GAZI, JUTO, na kueleza kwamba ndani ya kila pande hakuna mkubwa wala mdogo.