Januari Bondeni: Ukata wa Nyumbani Unavyombadili Kijana

Katika Bonde la Kilombero, kalenda ya shule na kalenda ya shamba hazijawahi kupatana. Shule hufunguliwa Januari. Mpunga, ambao ndio mfuko wa fedha wa kaya nyingi kuanzia Mkula na Mang'ula chini ya Milima ya Udzungwa hadi Ifakara na Mlimba, huvunwa kuanzia Mei. Januari akiba ya mwaka uliopita imeshaliwa au kuuzwa, na shilingi zilizobaki zimekwenda kwa trekta, mbegu na vibarua. Hata palipo na skimu ya umwagiliaji, kama Mkula, si kila kaya yenye jaruba ndani yake. Ni mwezi huohuo kijana wa sekondari anapohitaji sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula cha mchana. Wiki chache baadaye mwalimu anamwona amebadilika: anachelewa, anajibu kwa mkato, anasinzia darasani au haonekani kabisa. Nyumbani amenuna na hasemi na mtu. Watu wazima hufikia uamuzi upesi kwamba mtoto ameharibika. Hoja yangu ni kwamba mara nyingi tabia hiyo ni mwisho wa mlolongo unaoanzia kwenye fedha, unapitia kwa mzazi, kisha unamfikia kijana. Anayeuadhibu mwisho wa mlolongo na kuuacha mwanzo wake hatatibu kitu.

Mlolongo huo umechunguzwa kwa makini, na familia za vijijini ndizo zilizousaidia ulimwengu kuuelewa. Katika miaka ya 1980 jimbo la Iowa nchini Marekani lilikumbwa na mgogoro mkubwa wa kilimo: bei ya ardhi iliporomoka, riba za mikopo zikapanda, na familia nyingi zikapoteza mashamba. Kuanzia 1989, mtafiti Rand Conger na wenzake walizifuatilia familia 451 za vijijini zenye watoto walioanza ujana. Waligundua kwamba upungufu wa fedha haukumuumiza kijana moja kwa moja tu. Kwanza ulimchosha baba na mama. Bili zisizolipika ziliwatia sonona na hasira, hasira ikazaa ugomvi wa ndoa, na ugomvi ukawafanya wawe wakali, wasiotabirika, wasio na nafasi ya kumsikiliza mtoto. Kijana alivunjika au kuasi kwa sababu ya mzazi aliyebadilika zaidi kuliko kwa sababu ya sahani iliyopungua. Baadhi yao walikuwa na matrekta na hati za mashamba, lakini mkulima wa Kilombero akisoma matokeo hayo hatahitaji mkalimani.

Hapa kwetu mlolongo huo una sura zake. Vyuma vinapokaza kabla ya mavuno, mzazi huuza mpunga ungali shambani kwa bei ya kutupa, au hukopa mkopo ambao watu wameuita kausha damu, na akichelewa kurejesha, wakopeshaji huja kubeba godoro na televisheni mbele ya majirani na mbele ya watoto. Mvua zikizidi na mito kama Lumemo ikafurika, shamba linaweza kwenda na maji huku deni likibaki palepale. Kisha kuna kutengana. Wakulima wengi wa bonde wana mashamba mbali na vijiji vyao, na msimu ukifika wazazi huhamia huko kwa wiki au miezi, wakilala kwenye dungu ili kuamia ndege na kuzuia wanyama. Wanafunzi hubaki kijijini na bibi, na kaka mkubwa, au peke yao. Wengine hupanga vyumba karibu na shule ya kata, na chumba hicho cha kupanga, geto, huwa nyumba isiyo na mtu mzima. Mzazi huyu hakumtelekeza mtoto wake. Amekwenda kumtafutia ada ya maisha. Lakini kwa miezi hiyo hakuna wa kumuuliza kijana amekula nini, amelala wapi, na simu ile mpya ameipata kwa nani.

Umri wenyewe nao huongeza makali. Mtoto wa miaka 7 akikosa viatu huumia mguu. Wa miaka 15 huumia zaidi kwa kuonekana hana viatu. Ujana ni wakati ambao macho ya wenzake ndiyo kioo cha kijana, na aibu ni maumivu ambayo huyaficha kwa gharama yoyote. Ndiyo maana atachagua kutoroka shule kuliko kusimamishwa mstarini na wasiolipa mchango, na atachagua kuitwa mkorofi kuliko kuitwa maskini. Mvulana huweza kwenda kukata miwa, kubeba tofali au kuendesha bodaboda ya watu, akionja fedha yake ya kwanza na pengine kuipeleka kwenye kubeti. Msichana hukutana na fataki, mwanamume mwenye lifti, chipsi na vocha. Utafiti wa Joyce Wamoyi na wenzake katika vijiji vya kaskazini-magharibi mwa Tanzania ulionyesha jambo chungu: mzazi asiyeweza kumpatia binti mahitaji yake hupoteza sauti ya kumhoji, na wakati mwingine hunyamaza anapokiona kitu ambacho yeye hakukinunua. Kwa njia hiyo ukata huondoa chakula mezani, kisha huondoa na mamlaka ya mzazi.

Mtu anaweza kuuliza: tutajuaje kwamba ni fedha, na si malezi mabovu yanayokwenda sambamba na umaskini? Swali hilo ni la haki, na jibu limepatikana mahali ambapo kipato kilibadilika bila familia kujibadilisha yenyewe. Katika milima ya North Carolina, Marekani, watafiti wakiongozwa na Jane Costello walikuwa wakiwafuatilia watoto 1,420 tangu 1993, robo yao wakiwa wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Katikati ya utafiti huo, jamii ya wenyeji hao, Wacherokee, ilifungua kasino na kuanza kumgawia kila mwanajamii sehemu ya faida. Wazazi walikuwa walewale, na watoto walewale. Hata hivyo, watoto ambao familia zao zilivuka mstari wa umaskini walipunguza ukorofi, ubishi na uvunjaji wa kanuni, hadi wakafanana na wale ambao hawakuwahi kuwa maskini. Sababu kubwa iliyobainika ni kwamba wazazi walipata muda wa kuwaangalia watoto wao. Huzuni na wasiwasi havikushuka kwa namna hiyo, na hilo linatuonya kwamba majeraha ya ndani hayafutwi na fedha peke yake. Karibu zaidi na kwetu, mpango wa Kenya wa kutoa ruzuku kwa kaya zenye yatima na watoto walio hatarini ulipochunguzwa, uwezekano wa vijana kuwa na dalili za sonona ulikuwa umepungua kwa asilimia 24, ingawa nafuu hiyo ilionekana kwa wavulana na si kwa wasichana.

Lakini namna fedha inavyotolewa nayo ina uzito wake. Katika wilaya ya Zomba, Malawi, mwaka 2008 na 2009, baadhi ya familia za wasichana zilipewa ruzuku bila masharti, na nyingine kwa sharti la binti kuhudhuria shule. Msongo wa mawazo ulipungua kwa asilimia 38 kwa wasichana wasiowekewa masharti, na kwa asilimia 17 tu kwa waliowekewa. Kadiri wazazi wa kundi hili la pili walivyopewa kiasi kikubwa zaidi, ndivyo nafuu ya binti ilivyoyeyuka, kwa kuwa sasa riziki ya nyumba nzima ilikuwa imening'inizwa kwenye mahudhurio yake. Na ruzuku ilipokoma, nafuu ya makundi yote ilitoweka upesi. Kuna funzo hapa kwa kila mzazi anayemwambia mwanawe, kwa nia njema, kwamba ndiye atakayeikomboa familia. Maneno hayo humpa kijana ari, lakini yakirudiwa kila jioni katika nyumba yenye njaa huwa mzigo wa mtu mzima juu ya mabega ya mtoto. Akifeli mtihani, haoni kwamba amefeli hesabu. Anaona amewafelisha wote.

Wapo watakaopinga kwa kusema kwamba wao walisoma pekupeku, walilala njaa, na shida hizo ndizo zilizowakomaza. Siwabishii, kwa sababu upo ushahidi upande wao. Glen Elder, aliyechapisha mwaka 1974 utafiti wake kuhusu watoto wa Oakland, California, waliokulia katika mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, aliona kwamba vijana waliopewa kazi za maana nyumbani wakati wa dhiki walijifunza kuwajibika. Lakini katika tafiti zake za baadaye aliona pia kwamba pale ambapo hasara ilimfanya baba awe mwenye hasira na mkono mwepesi, watoto waliumia, na wavulana waliokumbwa na dhiki wakiwa wadogo zaidi waliumia kuliko wote. Kwa hiyo kilichomkomaza kijana si njaa yenyewe. Ni kuaminiwa, na kuwa na mtu mzima asiyemgeuzia hasira. Tukumbuke pia kwamba wanaosimulia jinsi shida ilivyowajenga ni wale waliovuka. Walioishia njiani hawaitwi kwenye mahafali kutoa nasaha.

Wengine watasema elimu ni bure, basi kisingizio kimekwisha. Ni kweli kwamba Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafika kidato cha sita. Ilikuwa hatua kubwa, na maelfu ya watoto wa wakulima wako darasani kwa sababu yake. Lakini ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Sare, viatu, madaftari na chakula huizidi kwa mbali, na hivyo vyote bado viko mfukoni mwa mzazi. Wapo pia wanaohofu kwamba kueleza chanzo cha tabia ni kumpa kijana ruhusa. Sivyo. Kijana aliyeiba amekosa, na lazima aelezwe hivyo. Vilevile watoto wa matajiri huharibika kwa njia zao, na watoto wengi wa maskini ni wapole na wachapakazi. Ukata hauamui tabia, unaongeza shinikizo. Anayelijua shinikizo hilo atarekebisha kosa na kumsaidia mkosaji, ilhali asiyelijua atabaki na fimbo. Fimbo tunayo ya kutosha: katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, karibu robo tatu ya vijana wa miaka 13 hadi 24 walisema walipigwa ngumi, mateke, viboko au kutishiwa silaha na mtu mzima au mwenza kabla ya kutimiza miaka 18. Kama kipigo kingekuwa dawa, tungekuwa tumepona zamani.

Yapo mambo yanayowezekana bila kusubiri muujiza. Kamati na bodi za shule za bonde zinaweza kukubaliana na wazazi kwamba michango ilipwe baada ya mavuno, Juni na Julai, au ipokelewe kwa mpunga, na kwamba mtoto asitangazwe wala kurudishwa nyumbani kwa deni la mzazi. Serikali za vijiji zinaweza kuwajua kwa majina wanafunzi wanaobaki peke yao msimu wa shamba na kumkabidhi kila mmoja kwa mtu mzima wa jirani anayeaminika. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, umeshaonyesha njia: katika halmashauri za Mufindi, Mafinga, Rungwe na Busokelo, mpango wa Ujana Salama uliwaongezea vijana wa miaka 14 hadi 19 wa kaya zenye ruzuku mafunzo ya stadi za maisha na kazi, walezi wa kuwaongoza, na huduma za afya rafiki kwa vijana. Kijana wa Kilombero anastahili kama wa Rungwe. Mwalimu naye, kabla ya kushika fimbo, aulize faraghani swali moja: nyumbani kukoje? Jibu litampa la kufanya.

Na wewe mzazi, usimfiche mwanao hali halisi, wala usimtwike yote. Mwambie kwa lugha nyepesi kwamba fedha imepungua, kwamba kosa si lake, kipi kitasubiri mavuno na kipi kitapatikana sasa, na kazi gani ya nyumbani unamwamini nayo. Ukiwa shambani, piga simu jioni, na usiulize habari za ng'ombe na kuku pekee. Ukimkaripia kwa hasira iliyotoka kwa mkopeshaji, rudi umwambie hivyo. Mpunga ukichelewa, msimu mwingine utakuja. Miaka ya ujana wa mtoto haina msimu wa pili, na wa kuilinda ni sisi tuliomzaa na tunaomfundisha.