Wasomaji na Riwaya za Shafi Adam Shafi

Wapo waandishi wasomwao kisha wakasahauliwa, na wapo wasomwao kisha wakagombewa. Bwana Shafi Adam Shafi wa Unguja ni katika hao wa pili. Tangu *Kasri ya Mwinyi Fuad* ilipotoka mwaka 1978, na *Kuli* mwaka uliofuata, hata *Vuta N'kuvute* ya mwaka 1999 na *Haini* ya mwaka 2003, vitabu vyake huzungumzwa barazani kama ushahidi uliotolewa mbele ya hakimu. Msomaji wa hadithi nyingine huuliza kama imempendeza. Msomaji wa Bwana Shafi huuliza kama ndivyo mambo yalivyokuwa, na jirani yake humjibu kwamba sivyo.

Maneno mengi yaliletwa na *Kasri*. Fuad ni mwenye mashamba ya mikarafuu, mvivu na mjeuri, aliyerithi mali asiyoitolea jasho. Kijakazi ni mtumishi wake, mwanamke amthaminiye bwana wake kuliko ajithaminivyo mwenyewe. Yaja Mapinduzi ya Januari 12, 1964, na utukufu wa kasri waporomoka. Wako wasomaji wakipendao kitabu hiki kwa kuwa kimesema wazi yale ambayo wazee wao waliyasema kwa kunong'ona. Wengine hunung'unika kwamba Fuad amepakwa masizi mno hata hakubakishiwa chembe ya ubinadamu, na kwamba mtu asiyevijua visiwa aweza kudhani kila Mwarabu wa Unguja alikaa katika kasri; hali wengi walikuwa Wamanga wenye vijiduka huko mashamba, au Washihiri wauza kahawa na wachukuzi, riziki yao ya leo kwa leo. Twaona lawama hiyo ina haki. Fuad mmoja hawezi kubebeshwa watu wa asili yake wote.

Lakini hatukubaliani hata kidogo na wale wasemao kwamba Kijakazi si mtu wa kweli, ati hapana mwanadamu awezaye kutukanwa namna ile na bado akaona fahari kutumika. Wapo, na walikuwapo wengi. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, lakini sheria haiingii moyoni mwa mtu kwa siku moja. Mwandishi angaliweza kumfanya Kijakazi shujaa ainuaye panga, na watu wangalimpigia makofi. Hakufanya hivyo. Alimwacha alivyo, akishindwa kuamini kwamba bwana wake aweza kuanguka, na hapo ndipo *Kasri* ilipo na nguvu kuliko penginepo pote.

*Kuli* haina ugomvi mkubwa. Ni habari za kijana Rashidi na wachukuzi wa bandarini, ikielekea kwenye mgomo mkubwa wa mwaka 1948. Lalamiko lisikikalo ni kwamba watu wake huhutubiana mno. Nasi twakiri kwamba ziko kurasa ambazo kuli mwenye gunia mgongoni husema kama katibu wa chama cha wafanyakazi.

*Vuta N'kuvute* ndiyo ipendwayo na wengi, na kwa sababu njema. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa akiwa na miaka 15 kwa mzee Raza, amtoroka mumewe, apata hifadhi kwa shoga yake Mwajuma, na ajikuta katika mapenzi na Denge, kijana afukuzwaye na askari wa Mwingereza kwa siasa zake. Wapenda siasa hulalamika kwamba mapenzi yamezidi, na wapenda mapenzi hulalamika juu ya makaratasi ya Denge. Filamu ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji, iliamsha tena ubishi huo huo. Kwetu sisi, Mwajuma peke yake, na ulimi wake na ukarimu wake, atosha kukipa kitabu uhai, wala hana hotuba hata moja.

Wanafunzi wa bara waliopewa kitabu hicho kidato cha tano na cha sita wana kilio kingine: Kiswahili chake kigumu. Hata jina la kitabu huwatatiza, nalo ni "vuta nikuvute" tu kama litamkwavyo mtaani. Ajabu iliyoje! Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na leo Kiunguja chahesabiwa lugha ya kigeni darasani.

Sasa twafika penye uchungu, nayo ni *Haini*. Mzee Abeid Amani Karume aliuawa Aprili 7, 1972, na watu wengi wakatiwa kizuizini. Mwandishi mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Kitabu chaeleza mateso ya gerezani kwa jicho la Hamza, mmoja wa wafungwa. Hapa wapo waliomsifu Bwana Shafi kwa *Kasri* waliogeuka wakamwona msaliti, na wapo waliomchukia kwa *Kasri* ambao ghafla walimwona msema kweli. Makundi yote mawili yana kasoro moja: kila moja lakubali ushahidi ulioangukia upande wake. Kama mtu aliamini macho ya mwandishi huyu alipoonyesha dhuluma ya mwenye shamba, ana hoja gani ya kuyafumba aonyeshapo dhuluma ya mlinzi wa gereza? Na aliyelia pamoja na Hamza, kwa nini asimlilie Kijakazi?

Waliokuwa na miaka ishirini wakati wa Mapinduzi wamepita themanini sasa, na kila mwaka hupungua. Wajukuu zao huzipokea siku zile kutoka kwa Bwana Shafi, kwa sababu hapana aliyewaeleza vinginevyo. Basi mzee aonaye kwamba mwandishi amekosea juu ya mtaa wake, juu ya bandari yake, au juu ya gereza alilolijua mwenyewe, na akifungue kitabu mbele ya mjukuu wake, amwonyeshe ukurasa.